Udongo Uliokuwa Mkononi Mwako

Dutumi,
Kibaha Vijijini.
12 Oktoba 2025.

Mpendwa mpwa wangu Kabula,

Marahaba. Naitikia kabla hujaniamkia, kwa kuwa sijaisikia shikamoo yako tangu Agosti ya mwaka jana, na masikio yangu yameanza kuidai. U mzima? Kifua chako kinaendeleaje na joto la Maskati? Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo hunitangazia mvua siku mbili kabla haijafika.

Mihogo imeshika vizuri. Michembe ya viazi nayo imekauka, nami nimeweka debe moja chini ya kitanda changu. Ulipokuwa mtoto ulikuja likizo ukaitafuna mikavu hivyo hivyo, bila kuichemsha, huku nikikukataza. Mwaka huu sina wa kumkataza.

Binti yangu Selina amenisomea ujumbe uliomtumia. Unasema mke wa ami yako, akikutambulisha kwa wageni, hutaja kwanza kwamba wewe ni mtoto wa Afrika, kisha ndipo hutaja jina lako, na wageni huacha uso wako wakatazama nywele. Ukamalizia kwa kusema, "Huku mimi ni mweusi, huko mimi ni Mwarabu. Nimechoka kuwa wa kwingine." Nilimwomba Selina anisomee tena, kisha nikamwomba aniache peke yangu.

Nimefundisha miaka thelathini na minne, na sikumruhusu mwanafunzi yeyote kuandika "ilitokea" pale alipopaswa kuandika "nilifanya". Leo sitajiruhusu mwenyewe.

Mwaka 1956 mama yako, Laurensia, alikuwa na miaka mitatu, nami minane. Alishikwa na homa kali, bibi yako akambeba mgongoni hadi hospitali ya mjini. Ilikuwa na milango mitatu: wa Wazungu, wa Wahindi na Waarabu, na wetu. Mlango wetu ndio uliokuwa na foleni. Shuleni tulifundishwa mpangilio huo huo. Mwalimu alichora ngazi ubaoni, Mzungu juu, Mhindi na Mwarabu katikati, sisi chini kabisa. Tuliinakili madaftarini, naye akasahihisha. Nilipata kumi kwa kumi, nikakimbia nyumbani kumwonyesha baba.

Uhuru ulipokuja mlango ukawa mmoja. Nami nikawa mwalimu, nikawafundisha watoto kwamba binadamu wote ni sawa, na niliamini nilichokisema. Lakini ile ngazi sikuifuta. Niliigeuza tu, juu ikawa chini, nikawaweka wengine mahali nilipokuwa nimewekwa mimi.

Ndiyo maana baba yako, marehemu Zahoro, alipoleta posa, nilikataa. Nilikuwa nikifundisha Marui, kule Kisarawe, na mama yako akiishi kwangu. Duka la Zahoro lilikuwa hatua chache kutoka shuleni. Niliwaambia watu kwamba tatizo ni dini. Haikuwa kweli. Ndugu yetu Dotto alipomwoa Fadhila, Mwislamu wa Mzenga, nilichinja ng'ombe. Harusi ya mama yako sikuhudhuria. Niliomba uhamisho, nikaja huku Dutumi, na miaka saba sikukanyaga Kisarawe. Wakati wote huo nilikuwa nikitamani kumwona dada yangu, na kule kutokwenda nikakuita msimamo.

Kisha siku moja Zahoro mwenyewe alikuleta hapa, una miaka sita, umeshika mfuko wa peremende za dukani. Akasema, "Mwalimu, huyu hana wajomba wengine ila nyinyi." Hakuingia ndani. Hakuingia kwa sababu sikumkaribisha. Wewe ulipita katikati yetu ukaenda moja kwa moja kwenye zizi kutazama ndama.

Sasa nije kwenye mazishi ya mama yako. Unakumbuka jinsi Mzee Maulidi, mtani wetu Mzaramo, alivyofanya iliyo haki yake. Alishuka kaburini akalala, akasema Msukuma hazikwi mpaka ng'ombe wake wote waje kumuaga mmoja mmoja, na sisi tumeleta watu watupu. Hata wewe ulicheka katika machozi. Kisha ukainama kuchota udongo, na hapo Dotto akaropoka kwa sauti ile ile ya mzaha.

"Wewe wa rangi mbili, huo si udongo wa dukani kwa baba yako. Waachie wenyewe."

Watu walicheka. Ulinitazama mimi. Nami nilicheka, Kabula, nikasema ni utani tu. Ukafungua kiganja, udongo ukaanguka miguuni mwako. Jumatatu ukapanda ndege.

Jioni ya siku ile Mzee Maulidi alinifuata zizini. Miaka yote yeye huniita Ng'ombe Mkuu, nami humwita Mcheza Mdundiko, kwa ngoma ya kwao. Siku hiyo aliniita Mwalimu.

"Mwalimu, mtani wenu ni mimi," alisema. "Nikikutukana unanirudishia, tunacheka wote. Yule mtoto angemrudishia nini mjomba wake, juu ya kaburi la mama yake? Jambo lenu msiliite utani."

Akaondoka bila kunywa chai. Pale kaburini nilicheka kwa sababu nilisikia ile ngazi yangu ikisemwa na mdomo wa mwingine, na ilikuwa rahisi kucheka kuliko kuitambua. Nilikukosea. Nilimkosea na baba yako, ambaye sikuwahi kumwambia karibu.

Mwezi huu tunalijengea kaburi la mama yako. Fundi Ponsiano ameweka matofali pande zote na zege juu, ila upande wa kichwani nimemzuia. Pana uwazi wa kupitisha mkono mmoja wenye udongo. Analalamika kwamba vuli ikianza maji yataingia na kazi yake itaharibika. Kila siku ananiuliza atapaziba lini. Nimemwambia atapaziba mwenye mkono wake atakapokuja.

Dotto hajaomba radhi, na sitakudanganya kwamba ameomba. Nilimwambia hatakaa karibu nami kwenye shughuli yoyote ya ukoo mpaka akuombe wewe, akanuna miezi mingi. Wiki iliyopita wingu lilitanda, nikaenda makaburini nikakuta uwazi ule umefunikwa kwa kipande cha bati, na jiwe juu yake. Nilikitambua. Kimetoka kwenye banda lake la kuku.

Selina anakusalimu. Fadhila anakusalimu, na kanga ulizoziacha amezifua na kuzikunja. Mzee Maulidi anasema ukija atakudai ng'ombe kwa kuchelewa, nawe umtukane unavyotaka.

Goti langu linaniuma tangu jana, na bati lile ni dogo. Bibi yako alikupa jina Kabula kwa sababu ulizaliwa mvua ikinyesha. Njoo nayo, mwanangu.

Mungu, ambaye mama yako alimwomba kwa rozari na baba yako kwa tasbihi, akufikishe salama.

Mjomba wako akupendaye, ambaye siku ile alipaswa kusema na akacheka,

Herman Magembe