Vizibo Vyekundu kwenye Nyumba ya Profesa

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimekuachia. Bibi anauliza kama unaivaa ile fulana ya ndani aliyokutumia au umeificha kabatini kwa kuionea haya. Usimjibu kwa mzaha, maana ananiuliza kila akiamka.

Sisi hapa tunapumua. Macho ya Bibi yamepungua nguvu, na siku hizi uzi kwenye sindano namtungia mimi. Mama anaendelea na cherehani yake barazani, mguu kwenye pedali, sikio kwa jirani. Paa la jikoni limeshazibwa, ingawa fundi aliziba pasipovuja akapaacha panapovuja.

Kazini bado nipo, katika muda wa majaribio. Kitengo chetu cha ustawi wa jamii ni chumba kimoja chenye meza tatu na feni inayozunguka siku ikijisikia. Nakaa karibu na mlango, kwa hiyo kila anayekuja na hasira huanza na mimi.

Ujumbe wako tuliupata. Mama aliusoma kwa sauti: umesikia kwamba binti yako anaonekana kwa wachomea vyuma, hutaki akanyage tena pale, na unataka arudi haraka kwenye masomo ya ziada kwa Profesa. Bibi aliguna. Mama alisema, "Kaka amenena." Mimi nilinyamaza, lakini si kwa utiifu. Nilikuwa naogopa. Bado naogopa, ndiyo maana mwandiko wangu leo umepinda. Nakuomba usome hadi mwisho kabla hujanyanyua simu.

Mwezi uliopita ofisi ilipewa kazi ya kutathmini mtaa wetu: ni mambo gani yanawasukuma vijana kwenye ulevi, utoro na ugomvi, na ni mambo gani yanawakinga. Tulichora ramani kubwa ya mtaa, tukakusanya vizibo vya soda, vingine tukavipaka rangi nyekundu, vingine nyeupe. Kila mtu aliombwa aweke chekundu pale anapoona vijana wanaharibikia, na cheupe pale anapoamini wako salama.

Wazazi walikuja kwanza, na walikuja na maneno yao. Kinyozi alisema, "Chekundu kimoja niwekeeni mimi mwenyewe, kwa visogo nilivyoviharibu." Mama muuza mkaa akamrukia: "Kimoja hakitoshi, kaka! Mwanangu alivaa kofia mwezi mzima, hata akioga!" Baada ya vicheko, vyekundu vikamwagwa kwenye karakana ya Fundi Cheche, yule mchomea vyuma wa kona, kwa sababu ya kelele, muziki na vijana wanaojazana pale kila jioni. Vyeupe vikarundikana kwa Profesa. Unaijua nyumba yake: mwalimu mstaafu, wanafunzi sebuleni, mapazia yameteremshwa, kimya kama msibani. Mama aliweka cheupe chake kwa fahari, akakisogeza kwa kidole mpaka kikakaa katikati ya paa.

Wiki iliyofuata tukawaita vijana, bila wazazi wao. Mkuu wa kitengo aliniambia hao ni wa kukamilisha utaratibu tu. Walipanga foleni. Kila aliyepita aliacha chekundu kwa Profesa, hadi vizibo vikaanza kuteleza na kuangukia barabara ya kwenye ramani. Nikauliza pale kuna nini. Wakatazamana. Mmoja akasema, "Dada karani, pale ndipo tunaponunua macho," na mwenzake akamkanyaga mguu.

Baadaye walinieleza: macho ni vidonge, Mjomba. Profesa anawauzia watoto vidonge vya kufukuza usingizi ili wakeshe wakisoma. Halafu, wakishindwa kulala hata wanapotaka, anawauzia vingine vya kulalia.

Vyeupe vyao waliviweka kwa Fundi Cheche. Msichana mmoja alimwigiza: "Ukisinzia pale anakurushia glavu. 'Kalale kwenu! Vyuma vyangu si godoro!'" Hapo ndipo wote walipocheka. Wakaniambia kwamba hakuna anayegusa kifaa kabla Cheche hajamuuliza, "Umekula?" Asiyekula hapewi miwani, na bila miwani hakuna kusogelea moto.

Simpambi mtu. Cheche anatukana akiungua, na wapo wanaotoroka shule kwenda kumtazama akiunga mageti. Hayo pia nimeyaandika.

Wa mwisho kwenye foleni alikuwa mwanao.

Chiriku wetu, ambaye zamani alikuwa akitusimulia hadi ndoto za watu wengine, aliweka chekundu kwa Profesa bila kunitazama, akatoka.

Kinachoniumiza ni kwamba tulikuwa tunamwona. Alikonda. Vidole vilikuwa vinatetemeka akishika kikombe. Alikuwa akisugua sufuria zilizokwisha kusuguliwa. Sisi tukaiita bidii, tukamsifu mbele ya wageni. Bibi peke yake alisema siku moja, "Kimya kingi kina mshindo," nasi tukadhani anazungumzia mambo ya zamani.

Nilimuuliza tukiwa tunafua. Alikamua shati moja mpaka nikadhani litachanika, ndipo akasema. Alama zake zilianza kushuka baada ya mama yake kufariki. Profesa alimpa vidonge vya kwanza bure, akimwita binti yake. Baadaye moyo ukawa unamwenda mbio darasani hata amekaa tu, akaogopa, akaanza kukwepa masomo na kupita karakana. Cheche hakumuuliza zaidi ya kile anachowauliza wote. Alimpa msasa na kipande cha geti chenye kutu, akasugua hadi jioni, akarudi nyumbani akalala kama mtoto mchanga. Huko ndiko jirani alikomwona, akakuletea habari.

Nilipomuuliza kwa nini hakutuambia, alisema, "Dada, baba anafanya zamu za usiku kwa ajili yangu. Mimi nikilala mapema, nitamwambia nini?"

Nimekuandikia maneno yake kama alivyoyasema.

Nilimpeleka zahanati. Muuguzi alimpima, akasema moyo utarudi mahali pake iwapo ataacha sasa, chini ya uangalizi wake. Akaongeza kwamba si mtoto wa kwanza kumwona katika hali ile kutoka mtaa wetu. Kwa hiyo tunakwenda kila wiki. Kuna siku anakuwa mkali hata kwa Bibi, na kuna siku analala tangu mchana. Muuguzi anasema tuvumilie.

Sasa ofisini. Nilipompelekea Mkuu ramani mbili, aliziangalia kwa upole, akasema, "Mdogo wangu, ripoti moja haiwezi kuwa na ramani mbili zinazogombana. Toa wastani." Nikatoa. Vyekundu vya vijana vikafuta vyeupe vya wazazi, na vyeupe vya vijana vikafuta vyekundu vya wazazi. Nyumba ya Profesa ikabaki tupu, karakana ya Cheche ikabaki tupu. Kwa wastani huo, mtaa wetu hauna hatari wala kinga. Mkuu akatabasamu: "Unaona? Mtaa mzuri." Sidhani alikuwa na nia mbaya. Ndivyo tunavyofanya ripoti zote, na mara nyingi nimefanya bila kuwaza.

Rasimu hiyo ilisomwa kwenye kamati ya mtaa Ijumaa. Profesa ni mjumbe wa kamati. Ndiye pia aliyeniandikia barua ya udhamini nilipoomba kazi hii, na akikutana nami njiani huuliza, "Karani wangu hajambo?" Kamati ikaona kwamba kwa kuwa ramani haionyeshi faida yoyote ya karakana, malalamiko ya kelele yasikilizwe. Jana nimepita kwenye kona nikakuta mnyororo kwenye geti la Cheche, geti aliloliunga kwa mikono yake. Vijana walikuwa wamesimama ng'ambo, mikono mifukoni, kama watu walioshushwa kituo kisicho chao. Wawili waliachana na wenzao, wakaelekea upande wa yale mapazia.

Nakala ya mwisho inapelekwa kesho, na sahihi ni yangu. Nitapeleka ramani zote mbili, kila moja na watu wake. Muuguzi ameahidi kuandika alichokiona, bila kutaja watoto. Huenda nikaambiwa nikae nyumbani. Huenda zikatupwa kwenye droo, Cheche asifunguliwe kamwe, nami nikawa nimekosana na wote bure. Sijamwambia Mama. Nimepiga pasi ile sketi niliyoivaa siku ya usaili, nikijipa moyo.

La kazi nitalibeba mimi. La Chiriku siliwezi peke yangu. Mama na Bibi watafuata neno lako, si langu, kwa kuwa hapa nyumbani mimi bado ni mtoto. Ukisema arudishwe kwa Profesa, atarudishwa. Nakupigia magoti, Mjomba, usiseme hivyo.

Bibi anakusalimu, na fulana usisahau. Mama anakusalimu, anasema suruali ulizotuma zipunguzwe kiuno ziko tayari, naye anataka kujua nani anakupikia hata ukonde hivyo. Nisalimie yule mpishi unayekaa naye chumba kimoja. Mwambie tunamdai jibu.

Chiriku hajatuma salamu. Nilimwomba ruhusa ya kukuandikia, akachokonoa kutu iliyobaki kwenye kucha. Kisha akasema, "Mwandikie. Ila akipiga simu, asianze na alama."

Basi ukipiga, muulize kama amekula. Akisema ndiyo, muulize amekula nini. Halafu mwache aongee, hata kama salio litaisha.

Mungu akutangulie ukienda zamu, akurudishe kitandani mapema.

Mpwa wako akupendaye,
Karani wenu.