Sauti ya Pili

Jumatatu, 3 Machi

Leo Jedwali amefungua kamusi yetu ya kidijitali kwenye skrini ya ukutani. (Mkuu wa mradi. Tumempa jina hilo kwa sababu kwake hata chai ingefaa kupangwa kwenye jedwali.) Kushoto Kiswahili, halafu lugha ndugu zake za Kibantu, safu kwa safu. Neno la moto linafanana karibu ukuta mzima! Nilitaka kupiga makofi. Kisha nikaona safu ya lugha yetu ya nyumbani — ya kijivu, yaani haijapitishwa. Maneno yote ni ya Mama, peke yake. Kanuni ni kwamba kila neno lipitishwe na wazungumzaji wawili wakiwa pamoja. Jedwali kasema, kwa upole tu, kwamba mwisho ni Ijumaa ya wiki ijayo. La sivyo safu yetu inatolewa.

Sauti ya pili ipo. Ni Mama Mkubwa. Tumekwisha!

Jumanne, 4 Machi

Mama na dada yake hawasemezani tangu msiba wa bibi. Kisa, cherehani! Bibi aliacha moja, Mama Mkubwa akaibeba, na Mama anaapa mpaka leo kwamba aliahidiwa yeye. Nimemweleza habari ya safu huku anakunja nguo. Akauliza kwani hakuna mtu mwingine. Hakuna, Mama. Wengine wametangulia, au wanajua salamu tu. Basi, kasema, mwite huyo mwenye cherehani, ila yeye hamsemeshi.

Nampenda, lakini kichwa kigumu jamani!

Jumamosi, 8 Machi

Kwa Mama Mkubwa. Kanikumbatia mpaka miwani ikanidondoka. Cherehani iko sebuleni, imefunikwa kitambaa, haina hata chembe ya vumbi. Atakuja kwa ajili yangu. Ila na yeye hamsemeshi mtu, ataongea na mashine tu. Tumbo moja hawa, hilo halina ubishi.

Alhamisi, 13 Machi

Balaa. Chumba cha kurekodi ni kidogo, magoti yao yanakaribia kugusana. Mimi nasoma neno, Mama anatoa la kwetu, kazi ya dada yake ni kulikubali au kulisahihisha. Maji. Mama kajibu, Mama Mkubwa kimya. Moto. Kimya. Jiwe. Kimya, tena cha kununa, mkoba kaupakata kama anayengoja basi. Nikatoka nje, machozi yakinilengalenga. Lugha zote hizo ukutani, halafu sisi tusiwepo! Jedwali kasema turudi kesho.

Jioni, jikoni, Mama akauliza ghafla: hivi yule bado hawezi kuvumilia kosa? Utotoni dada yake alikuwa akimsahihisha hata akiomba maji. Akacheka peke yake.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika humu humu kwenye chumba cha kurekodi. Hakuna anayeniangalia.

Nimeanza na jiwe. Mama, ambaye hajakosea neno hata moja tangu tuanze kazi hii, katoa neno la ovyo kabisa! Nikamkodolea macho. Wala hakunitazama. Mama Mkubwa akakohoa. Nyoka — ovyo tena. Mkoba ukateremshwa sakafuni. Sindano. Mama, bila haya, katoa neno la jembe.

"We! Hilo si jembe? Utashonea jembe?"

"Nishone nini, na cherehani unayo wewe?"

Nilidhani wataondoka. Wakatazamana. Kisha Mama Mkubwa akalitamka neno la sindano, polepole, na Mama akalirudia.

Halafu wakaanza! Sasa wanaongea kwa kasi, wote kwa pamoja, kilugha kitupu, mikono hewani. Nashika nusu tu. Cherehani imetajwa, na bibi katajwa. Jedwali, aliye nje, anagonga kioo cha chumba: orodha bado ndefu, tuendelee. Neno lililopita mpaka sasa ni moja, sindano. Taa nyekundu inawaka, mashine inarekodi.

Mama Mkubwa kasema neno ambalo sijawahi kulisikia. Halimo kwenye orodha. Mama kafunika uso kwa viganja, na dada yake kamshika mabega. Nikiuliza maana yake nitawakatiza.

Jedwali anagonga tena. Nimempa mgongo.