Mbona kabla ya salamu

Jumanne

Ningesalimia kwanza tu, yasingefika huku.

Mama Athieno huniletea viazi vitamu kutoka Mwello, ng'ambo ya mpaka, mapema kabla wateja hawajajaa. Leo amefika jua likiwa utosini. Gunia halijagusa hata chini, nikamvaa mbele ya watu: "Mbona saa hizi? Mbona viazi vina udongo hivi?"

Aliinama akaanza kuvifuta kimoja kimoja kwa leso yake.

Mimi na mdomo wangu! Ningemuuliza "kuna nini?" angenijibu. Hata "kwa nini" ingekuwa afadhali. Lakini mbona, hapa sokoni Busia, si swali. Ukimwambia mtu mbona, umeshamhukumu, unangoja tu ajitetee.

Alipomaliza kufuta ndipo akasema mama yake amefariki jana. Nyumbani kila mtu yuko kwenye msiba, kwa hiyo alichimba viazi peke yake alfajiri. Alitaka kuniambia mwenyewe, na nisikose mzigo wa kuuza.

"Si ungeniambia ulipofika, Mama Athieno?"

"Wewe hapana uliza, dada," akasema polepole. "Wewe nasema tu mbona, mbona."

Na viazi nimeviuza vyote.

Kesho navuka niende kwenye matanga. Tangu jioni natafuta maneno ya kumwambia nikifika mlangoni kwao. Kila nikijaribu, kinywa kinaanza vilevile: mbona ulihangaika kuniletea viazi?