Mashine Imesema Mchumba wa Binti Yangu Ni Damu Yetu

Mama Watiri, salamu kutoka Ruring'u. Naomba unisaidie kabla kichwa hakijapasuka, na majina uyaandike yote yalivyo, kwa sababu mimi sina la kuficha, wenye la kuficha wako Kutus.

Mimi ni Moffat, fundi wa maabara hapa Nyeri mjini na mzee wa kanisa, na mwaka huu kazini tuliletewa mashine ya kupima DNA, ambayo ndani yake kuna chipu ndogo kama ukucha, na juu ya hiyo chipu zimepangwa elektrodi nyingi ndogo ndogo ambazo jicho haliwezi kuziona, na kila moja inapokea amri yake kutoka kwa kompyuta, hii iwake, ile izime, na ikiwaka inaivuta DNA kwa umeme mpaka mahali pake ili isomwe. Ililetwa kwa ajili ya magonjwa ya ng'ombe, lakini mimi niliona mapema kwamba akili kama hiyo haiwezi kuishia kwa ng'ombe. Nilipima mbuzi choma ya hoteli moja nikakuta ni kondoo, nikapima supu iliyoletwa kanisani, na watu wakaanza kunyamaza nikiingia mahali, ambayo ni heshima.

Sasa binti yangu Wachuka akatuletea mchumba, Mutahi, mwalimu kutoka Kutus, na siku ya kujuana akaja na mama yake, mjane. Kijana ana sura nzuri, lakini siku hizi sura si kitu, kwa hivyo niliamua kumpima kimyakimya. Tulimkalisha kwenye kiti kikubwa cha dirishani. Kabla ya chai akafika ndugu yangu Peterson, amechelewa kama kawaida yake, na Mutahi, hapo nitamsifu, akasimama, akampisha mkubwa wake, akaenda kukaa kwenye benchi karibu na mlango, halafu chai ikaletwa na maneno yakawa matamu. Wageni walipoondoka nilienda moja kwa moja kwenye kile kiti cha Mutahi cha dirishani, nikachukua kikombe kilichokuwa pembeni yake, nikapangusa ukingo wake kwa pamba, na nikachukua mate yangu pia ya kulinganisha.

Mashine ikasema huyo mtu na mimi ni damu moja, na si ya mbali, ni ukaribu wa ndugu wa tumbo moja. Nilisoma matokeo tena, yakawa yale yale. Lakini mimi ni msomi, nikatumia akili: mama yangu alituzaa mimi na Peterson tu, marehemu baba alikuwa mtu wa kanisa, basi amebaki nani? Peterson, ambaye zamani alikuwa akibeba mchele kwa lori kule Kutus. Mtoto wa ndugu hawi karibu kiasi hicho, najua, ila nikasema labda damu ya Kutus ni nzito.

Niliwaita wote tena, nikafungua kompyuta mbele yao, nikatangaza kwamba yule mjane alizaa na Peterson, na mtoto wao ni Mutahi. Peterson alicheka, halafu akaona sicheki, akaacha. Mkewe aliondoka jioni hiyo hiyo kwenda kwa wazazi wake na hajarudi. Mjane alichukua mkoba wake, akasema kwa sauti ya chini, "Mimi sina jibu ya kupea mashine," akashikwa mkono na mwanawe wakatoka. Wachuka alivua pete akaiweka mezani, na tangu siku hiyo haongei na mimi. Mke wangu Wamucii aliniuliza jambo moja tu, "Baba Wachuka, hiyo kikombe ulitoa kwa kiti gani?" nami nikamwambia sayansi haishughuliki na viti. Sasa analala chumba cha Wachuka.

Mama, nifanye nini ili Peterson akiri, nipate kumsamehe? Na nimwelezeje Wachuka aone kwamba nimemwokoa?

Moffat, Ruring'u

MAMA WATIRI ANAJIBU

Moffat, nimesoma barua yako mara mbili, na ya pili nilisoma nimesimama.

Mkeo alikuuliza swali, nami nitalijibu kwa niaba yako. Ulitoa kikombe kwenye kiti cha dirishani. Chai ilipokuja, kwenye kiti hicho alikuwa amekaa Peterson. Umeandika mwenyewe, kwa mkono wako. Ulimpima ndugu yako, mashine ikakuambia ni ndugu yako wa tumbo moja, nawe ukaenda kuvunja nyumba tatu. Hizo elektrodi zako hazikukosea hata kidogo. Zilisoma kile ulichozipa.

Pole, kwa sababu najua ulimwogopea mtoto wako, na uoga wa mzazi ni kitu kikali. Lakini pole yangu inaishia hapo. Nani alikuruhusu kuchukua mate ya mgeni nyumbani kwako bila kumuuliza? Wasiwasi ulikuwa nao, na mdomo ulikuwa nao. Kijana alikuwa hapo hapo, ungemuuliza anatoka ukoo gani, angekujibu.

Sasa sikiliza. Leo, si kesho, nenda kwa Peterson umwambie umekosea, na usiongeze "lakini". Kisha nyinyi wawili mwende kwa wazazi wa mkewe, wewe ndiye useme, yeye anyamaze. Kazini, mweleze mkuu wako umekuwa ukiitumia mashine kwa mambo gani, kabla hajasikia kwa mtu wa hoteli. Mtake radhi Wamucii kwa lile jibu la viti, na usitarajie arudi chumbani usiku huo. Wachuka usimshawishi kitu. Mwambie ukweli, umwachie pete yake aamue mwenyewe. Na usije ukaniandikia ati unataka kupima upya ili uhakikishe.

Halafu nenda Kutus. Nenda na Wamucii, mchana, na hao waliokusikia ukitangaza waje wakusikie ukifuta. Ila kabla ya kuondoka Ruring'u, uliza mtu yule mama anaitwa nani. Umemwandika barua nzima, mjane, mjane, ukamtwika aibu mbele ya mwanawe, na jina lake hulijui.