Ramani ya Miti ya Mama Kalaba

Lubumbashi, Kasapa
Tarehe 17 Novemba 2025

Mpendwa Yaya Michelle,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako Domitille. Hali ikoje huko Kalemie? Mguu umepona? Shemeji na watoto wanaendeleaje? Sisi huku mvua imeanza, na paa linavuja pale pale ulipolalamikia wewe.

Mwilini mimi ni mzima. Moyoni nimesalitiwa, na aliyenisaliti ni mdogo wetu Symphorien. Kaa chini nikueleze.

Uliniomba nimtafutie kazi ya maana. Basi nikamwingiza pamoja nami katika mafunzo ya walezi wa vijana, wiki mbili nzima. Tulijifunza namna ya kuwafundisha vijana kutunza misitu, kufunga taa za jua, na kufinyanga mbabula, yale majiko ya udongo yasiyokula makala mengi, yaani makaa. Symphorien alisema vizuri kuliko sisi sote. Mdomo wake unaujua.

Zoezi la mwisho lilikuwa kuchora ramani ya miti mikubwa iliyobaki, ili tujue pa kulinda. Nikawapeleka vijana wangu kumi na wawili kwa Mama Kalaba, mkulima wa upande wa barabara ya Kipushi. Ukoo wake uko pale tangu kabla ya migodi, na msitu wanaookotea viwavi vya kula hawamwonyeshi mgeni. Ukiuliza, wanakuelekeza kwingine. Nilimbembeleza siku tatu. Akakubali kwa sharti moja: karatasi isitoke mikononi mwetu. Binti mmoja, Séphora, akaichora kwa kalamu za rangi, nami nikatia sahihi chini. Kisha nikampa Symphorien aifungie kabatini, kwenye ukumbi tunapokutana na vijana.

Juzi Jumamosi tulirudi kule. Yaya, miti imelala chini, matanuru ya makala yanafuka! Wakataji walikuwa na nakala ya ramani yetu, sahihi yangu ikionekana wazi. Walituambia bila aibu kwamba wamepewa na Symphorien, na kwamba lori ni la rafiki yake. Mama Kalaba alinitazama, akaingia ndani. Heri angenitukana.

Séphora alilia: "Mama Domi, ni weye ulituambia karatasi itachunga miti."

Nilimkuta Symphorien nyumbani anakula, tena chakula changu. Hakukana. "Yaya, bantu batapika na nini? Courant yenyewe iko?" Ni kweli umeme haupo, lakini si ndiyo maana tulifundishwa? Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Wangu nilimfungulia mlango mwenyewe, nikampa na kiti. Usiulize nilimwambia nini. Alichukua begi lake akaondoka, na naamini anakuja kwako. Mlishe, ni damu yetu, lakini usimwachie kitu cha mtu.

Jana niliwaita vijana, nikawaeleza yote: kwamba ni ndugu yangu wa tumbo moja, na kwamba kosa la kuiacha karatasi kwake ni langu. Kisha Elisée, mkubwa wao, akasema watakwenda kumwomba Mama Kalaba msamaha, watalinda miti iliyobaki kwa zamu, na watawafinyangia majirani mbabula. Nikasimama kuchukua kitambaa changu, nikidhani tunaondoka wote.

"Weye ubakie, mama," akasema, akanyoosha mkono apokee ufunguo wa ukumbi.

Niliutoa. Katika mafunzo walituambia mlezi mzuri ni yule ambaye vijana wake wanaweza kuendelea bila yeye. Basi nimefaulu, yaya. Nililia njia nzima mpaka nyumbani.

Msalimie sana shemeji, wabusu wanao Chama na Mapalo, na mwambie jirani yako Mama Dorcelle sijamsahau. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake, na awaepushe na uchungu wa kutoka ndani ya nyumba.

Mdogo wako akupendaye, hata leo nikiwa na hasira,

Domitille Mwaba