Risasi ya Kwanza Hatuihesabu

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Leo nimeitwa expert. Mara tatu. Nimehesabu.

Ilikuwa ofisini Schuman, mtaa wa ofisi za Ulaya, ghorofa ya saba, kahawa ya vikombe vya kidole. Mwenyeji wangu madame Euphrasie, mkurugenzi wa kituo kinachofundisha walinzi wenye silaha — hawa wanaosimama milangoni mwa majengo makubwa ya mtaa huu. Walimu wake wa shabaha wanageuka viziwi mmoja baada ya mwingine. Donc, basi, anataka kununua viwambo vya sauti, vile vibomba vinavyofungwa mdomoni mwa bunduki. Wauzaji wamemjazia meza makaratasi. Kila mmoja anaapa chake ndicho kimya kuliko vyote. Akaona atafute mtu asiyeuza kitu. Mtu wa masikio.

Mtu huyo ni mimi. Rayhana wa Buyenzi, mwenye duka la vifaa vya kusikia Laeken, miaka kumi na tisa kwenye kazi.

Nilimwambia mapema: bunduki sizijui. Vibali na sheria ni kazi yenu. Mimi nitawaambia sikio litapata nini. Akasema hicho ndicho anachotaka. Ripoti tarehe 23, na siku hiyohiyo atasaini oda.

Aliyenitaja kwake ni tonton Donat — tonton, yaani mjomba, kwa heshima tu — mwalimu wao mkuu, Mkongomani wa Likasi, mteja wangu tangu zamani. Sikio lake la kulia limekwisha. La kushoto linasaidiwa na kifaa nilichompimia mimi.

Nimeshuka kwenye metro nikitembea kama mwenye mji. Nani wa kunikataza?

Jumatano, 8 Oktoba

Nimemweleza mama kazi yangu mpya. Amecheka mpaka akashika ubavu. Anasema miaka ile ya vita kwetu Buyenzi alitulaza chini ya kitanda kwa ajili ya milio ya risasi, leo binti yake anaitwa Evere, kwenye ukumbi wa shabaha, kuchagua bunduki ipi ipunguze kelele. Kisha akafuta machozi, akaniambia nisivimbe sana — mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Nikamjibu mimi sigemi, napima. Akasema haya.

Nimesoma jioni mbili mfululizo. Filamu zimetudanganya, bwana. Hakuna bunduki inayonyamaza. Ndani ya kiwambo mna vyumba vyumba, moshi wa baruti unazungukazunguka humo ukapoa kidogo badala ya kulipuka wote kwa pamoja. Bunduki isiyo na kitu inafika decibel 160 hivi kwenye mashine yangu. Yenye kiwambo kizuri inashuka 130. Na risasi inayokwenda mbio kuliko sauti ina mlio wake yenyewe hewani, huo kiwambo hakiugusi.

Mstari wangu ni 140. Ukiuvuka, hata mlio mmoja unaweza kuacha alama sikioni isiyofutika. Nimeuandika kwa wino mwekundu ukurasa wa kwanza wa daftari la vipimo.

Ijumaa, 10 Oktoba

Siku ya kwanza kwenye ukumbi wao, chini ya ardhi, mwisho wa Evere. Vizibo masikioni, na casque, vile vifuniko vya masikio, juu yake. Harufu ya baruti imeingia mpaka kwenye mtandio.

Donat anapiga, mimi napima. Wauzaji wanaweka maikrofoni mbele, karibu na mdomo wa bunduki. Mimi nimeiweka karibu na sikio la mpigaji, maana risasi haina masikio. Donat akasema miaka thelathini hajaona mtu akifanya hivyo. Nilijikaza nisitabasamu, nikashindwa.

Nimewaletea na utaratibu wa dukani: sauti ya kwanza hatuihesabu. Mgonjwa akikaa kwenye kibanda, mlio wa kwanza ni wa kumzoesha tu, jibu lake unalitupa. Ndivyo nilivyofundishwa, ndivyo ninavyofanya kila siku. Basi kila kiwambo risasi sita. Ya kwanza naandika kwa penseli na kuikata mstari, tano zinazofuata ndizo hesabu.

Donat aliuliza kama kweli tunaitupa ile ya kwanza. Nikamwambia, ya kwanza ni salamu, tonton. Akainua mabega, akajaza upya.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimemaliza kuchagua. Ninajisifu? Najisifu. Daftari ni langu.

Bunduki ndefu, ya masafa: kiwambo kirefu, kizito. Inalala kwenye vijiguu vyake viwili, uzito haumsumbui mtu. 129. Hapo hakuna ubishi.

Bunduki fupi inayojipakia yenyewe — hapa ndipo nilipowashinda wauzaji. Kiwambo kilichokuwa kimya kuliko vyote kwenye karatasi kilimrudishia Donat moshi usoni, akatokwa machozi kama aliyekata vitunguu. Na kelele nayo ikarudi nyuma, karibu na shavu lake, pale wauzaji wasipopima. Nikachagua kilichokuwa cha tatu kwenye orodha yao, kilicho wazi zaidi ndani, moshi unakwenda mbele. Euphrasie alishangaa, kwa nini cha tatu? Nikamwonyesha namba za sikioni. Akaandika. Muuzaji mmoja alikuwepo. Naye akaandika.

Bastola ndiyo kazi kubwa, maana wanazo sitini. Kiwambo kirefu ni kimya kweli, 128, lakini bastola inainamisha pua, haiingii kwenye mkoba wa kiunoni, wanafunzi wanakwama. Kile kifupi kinaingia, chepesi, hakimsumbui mtu. 136. Chini ya mstari kwa nne. Nimechagua kifupi.

Ripoti kurasa kumi na nne. Jina langu jaladani, herufi kubwa. Mama ameomba nakala yake, wakati Kifaransa hasomi. Ameiweka juu ya televisheni.

Jumamosi, 18 Oktoba

Donat amekuja dukani kupimwa. Nilimfungia kibandani, nikarudia mara mbili, kwa sababu sikupenda nilichokiona. La kushoto limeshuka tena.

Anayajua. Daktari wa kazini amemwambia likishuka hatua moja zaidi, ukumbini haingii. Tena si kazi peke yake. Anaimba besi kwenye kwaya ya parokia, ananiambia: "Besi yangu minaisikiaka na hii moja tu, maman. Hii ikikufa, nitaimba namna gani? Nitafungula kinywa tu kama samaki?"

Halafu akatoa ripoti yangu kwenye koti, imekunjwa mara nne. Anatembea nayo. Ameshawaonyesha wanakwaya. Silencieux, yaani viwambo, zikifika, anasema, atafika kwenye pensheni akiwa mzima, miaka miwili tu imebaki. Akagusa ile 136 kwa kidole: "Cent trente-six. Na ni weye ulipima. Mi siogope tena kitu."

Nilimsindikiza mpaka tramu. Nimeona raha, siwezi kuificha. Kuna watu wanafanya kazi maisha yote na hakuna anayetembea na karatasi yao mfukoni.

Jumatano, 22 Oktoba

Nimekwenda ukumbini asubuhi kupiga picha ya kubandika jaladani. Picha! Nilitaka bastola na kile kiwambo kifupi. Wala hawakunihitaji, nilijipeleka.

Wanafunzi walikuwa kwenye somo, bastola zao zimefungwa vile vifupi vya majaribio vilivyoletwa na muuzaji. Niliketi nyuma ya kioo. Somo lenyewe hivi: anachomoa, anapiga moja, anarudisha kiunoni. Donat anamsogeza bega, anamwambia neno. Dakika mbili zinapita. Anachomoa, anapiga moja, anarudisha. Kumi walikuwa mstarini, na Donat anapita nyuma ya wote, hatua moja kutoka kila bastola, casque tu, bila vizibo.

Nikamwona anakunja jicho la kushoto. Kila risasi. Kisha wakapiga tano mfululizo — akakunja mara moja tu, mwanzoni. Nne zilizofuata, uso umetulia.

Walipopumzika nikamuuliza. Akajibu bila kufikiri: "Ile ya kwanza njo inagongaka, maman. Zingine zinafwataka polepole."

Kumbe kila mtu pale anajua. Kiwambo kikikaa kina hewa ndani, hewa hiyo inawaka pamoja na moshi wa risasi ya kwanza, mlio unakuwa mkubwa. Zinazofuata hazikuti tena hewa. Ukingoja kidogo, hewa inarudi. Nikamuuliza mbona hamkuniambia siku ile. Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. Alidhani ninajua. Nilisema ya kwanza ni salamu, na mimi ndiye expert — nani angenibishia?

Picha sikupiga.

Nyumbani nimefungua daftari la vipimo kabla sijavua viatu. Namba bado zinasomeka chini ya mstari, afadhali niliandika kwa penseli. Bunduki ndefu: ya kwanza imezidi moja tu. Ile inayojipakia: mbili. Hizo salama. Kiwambo kirefu cha bastola: 133. Salama.

Kifupi: 142. Siku ya pili nilirudia: 143.

Nimekata mwenyewe. Kwa rula. Miaka kumi na tisa ya kutupa sauti ya kwanza, nimekwenda kuitupa mahali ambapo karibu kila risasi ni ya kwanza. Na Donat amesimama hatua moja nyuma ya kila mpigaji, anakunja jicho, na karatasi yangu iko mfukoni mwake.

Nimeona haya mpaka masikio yamewaka moto.

Niandike na hili, maana hapa sidanganyi: hakuna atakayejua. 136 si uongo, nilipima. Nakala kumi na mbili zimeshachapwa. Nimekaa na wazo hilo muda wa chai nzima. Nimempigia Donat, nikamsihi kesho asiingie ukumbini bila vizibo na casque, vyote viwili, hata kwa dakika moja. Akasema sawa. Anadhani ni mapenzi tu ya kidada.

Nimemwambia mama yote. Hakumtaja yule mgema. Bora angemtaja. Aliishusha ripoti juu ya televisheni, akaipangusa vumbi, akairudisha palepale. Akasema kesho nivae ile suti ya bluu.

Alhamisi, 23 Oktoba

Saa nne na nusu asubuhi. Naandika kwenye benchi nje ya ukumbi. Wanaandaa.

Ilikwenda hivi. Chumba cha juu, wageni wanane kutoka Schuman, tai na kadi za shingoni. Euphrasie alisoma jina langu lote, akasifu ukali wa vipimo vyangu — ndivyo alivyosema, ukali — akaweka kalamu juu ya oda. Akauliza kama expert ana neno.

Nikasimama. Nikasema nimekosea, kosa ni langu peke yangu, na ni kwenye bastola. Bunduki mbili nazisimamia. Kile kifupi nakiondoa.

Mwenye tai nyekundu akafungua ukurasa wa tisa, akanisomea 136 yangu mwenyewe, kana kwamba siijui. Nikamwambia hiyo ni risasi ya pili, bwana. Wanafunzi wenu wanapiga ya kwanza, na hiyo ni 142. Euphrasie hakuinua sauti. Alisema tu kwamba oda isiposainiwa leo, inangoja bajeti ya mwakani, na kwamba kirefu hakiingii kwenye mkoba, je, nimelifikiria hilo? Nimelifikiria. Badilisheni mkoba. Mkoba unashonwa upya, sikio halishonwi.

Hapo nilimwangalia Donat. Mwakani kwake ni mbali. Alikuwa ametazama sakafu, na ile karatasi ameitoa, ameikunjua juu ya goti. Sijui kama amenisamehe. Sijamuuliza.

Mwenye tai akasema decibel sita si kitu cha kusimamishia kazi. Basi nikachoka kuongea. Nikawaambia tushuke chini wote. Kifupi na kirefu, vyote baridi, risasi moja kila kimoja, na mashine asome yeye mwenyewe kwa sauti. Moja tu. Sihitaji zaidi.

Wameshuka. Mwenye tai nimemvalisha casque mimi mwenyewe, kwa sababu aliivaa kinyume.

Jana niliona haya, leo nimevaa suti ya bluu na shingo yangu iko sawa. Expert wameniita mara tatu, na sasa ndiyo naona nimefanya kazi yake.

Donat amepita sasa hivi akienda mstarini. Amevua kile kifaa cha kushoto, akakiweka kwenye kiganja changu nimshikie, akapachika kizibo, akavuta casque. Hasikii kitu tena. Akaniinulia kidole kimoja, kisha akafanya ishara ya kutupa kitu nyuma ya bega: hii tunaitupa?

Nikatikisa kichwa: hapana.

Bado ananiangalia kupitia kioo. Kifaa chake kina joto mkononi mwangu. Taa nyekundu juu ya mlango imewaka.