Duara Tupu Kati Yangu na Dija

Karantina, Jeddah
Ijumaa, baada ya sala

Mdogo wangu mpenzi Mwanasha,

Asalaam aleikum. Kabla sijasema lolote nataka kujua mgongo wako u hali gani, na presha ya mumeo Bakari, na kama yule kitindamimba wako ameacha kukohoa. Mimi mwili wangu mzima, namshukuru Mungu. Miguu tu ndiyo hufura jioni kwa ngazi za nyumba hii, ghorofa tatu, na bado nazipanda kama msichana. Madam mwenyewe husema hajapata mtu kama mimi. Juzi wageni wake walikula biriani yangu wakataka niitwe sebuleni wanione uso. Na Kiarabu changu sasa, ungenisikia ungecheka, mpaka muuza mboga aliniuliza nimezaliwa mtaa gani wa Jeddah. Wasichana wapya wakifika hapa Karantina na shida zao za ikama, kile kibali cha kukaa, huambiwa nenda kwa Zena, yeye ndiye atakusemea.

Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu na simu ninayo. Barua hii ameibeba Salama, mwenzangu wa chumba ninakokuja kupumzika siku za Ijumaa. Anakuja nyumbani likizo. Nimemwapisha akupe mkononi, wewe peke yako, Bakari akiwa kazini. Simu yako husomwa na nyumba nzima, na haya si ya kusomwa na nyumba nzima. Kama kuna mtu karibu nawe mtume dukani. Kisha kaa chini.

Dija hayupo, Mwanasha. Amekufa, na si jana wala juzi. Nilipokwambia ameolewa Riyadh na Myemeni mwenye duka la manukato, nilikudanganya. Hakuna Myemeni. Zile salamu za Idi nilizokuletea kutoka kwake nilizitunga mwenyewe, nimekaa juu ya ndoo jikoni. Nilishindwa kukiri kwamba mtoto niliyemleta huku mimi, baada ya kuzunguka Malindi nzima nikijisifu kwamba binti yangu anaondoka kwa ndege, amenipotea mikononi.

Wewe wajua alivyokuwa. Kiingereza chake kama cha kwenye redio. Mwalimu mkuu alinisimamisha njiani kuniambia mtoto huyu asiache shule, nami nikamjibu haachi, anakwenda kujitafutia tu kwanza. Madam wake wa Riyadh mwezi wa kwanza alinipigia kunishukuru, ati watoto wake hawali mpaka Dija awasimulie hadithi. Nilifurahi nikasahau kumuuliza kama naye Dija anakula.

Miaka mitatu sasa tangu simu yake iache kuingia. Nikampigia kafili wake, tajiri aliyemdhamini, akaniambia Dija amekimbia, halas, basi, na pasipoti yake yeye kafili ameshaipeleka anakojua mwenyewe. Nikampigia tena, akanifungia namba. Wakala wa Mombasa alisema mkataba wake na sisi umekwisha. Baadaye nikasikia kwa wasichana wa kwetu Kilifi kwamba alionekana Manfuha, kule kusini mwa Riyadh kwenye nyumba za zamani, wanakojificha waliokimbia kazi. Baada ya hapo sikusikia kitu. Nikawa nasema kaolewa. Ukilisema neno mara nyingi hata mwenyewe unaanza kulishonea nguo.

Mwaka jana walibomoa nyumba moja huko Manfuha, wafanyakazi wakakuta mifupa ya mwanamke chini ya ngazi. Hana ikama, hana simu, hana chochote. Alikufa kwa sababu gani, mpaka leo hakuna aliyeweza kuniambia. Wakampa namba, wakamweka.

Sasa kuna mwanamke mmoja wa Sudan anaitwa Ihsan. Kazi yake sikuwahi kujua kwamba ni kazi ya mtu. Huletewa nakala ya fuvu, akabandika juu yake vipande vidogo vya raba vya kupimia unene wa nyama, shavuni hivi, kidevuni hivi, halafu akachora uso juu ya hivyo vipimo. Huwachora wale wasiojulikana, picha zikapelekwa kwenye makundi ya simu ya Waafrika, ya Wafilipino, ya Wabangali, huenda mtu akamjua wake. Picha yake ilinifikia nikiwa namenya vitunguu saumu. Mwanamke kafumba mdomo, nywele kazilaza kama Mhabeshi, shavu limeingia ndani. Wenzangu wote waliipita. Mimi nilitazama paji la uso. Lile paji, Mwanasha, ni la nyumbani kwetu, pana, limebinuka, marehemu baba alikuwa nalo na wewe unalo. Niliosha mikono nikampigia.

Madam alinipa siku mbili, nikapanda basi mpaka Riyadh. Ihsan alinikaribisha kwenye chumba chake, ukuta mzima nyuso za watu wasiokuwa na kwao. Nikamwambia, mwanangu hakuwa na shavu hilo, alikuwa na shavu la kushikika, na nywele hizo mfute, nywele zetu haziendi hivyo. Akafuta. Nikamwambia amfumbue mdomo, kwa sababu Dija mdomo haukufumba hata usingizini. Ihsan akanitazama. Alisema huwa anafumba midomo yao kwa heshima, lakini meno ni ya kweli, yako kwenye fuvu, haya hayabahatishwi. Akachukua penseli akachora meno kama yalivyo, na la mbele kushoto lilikuwa limemeguka pembeni. Unalikumbuka jino lile. Idi ile alipofungua soda kwa meno mbele ya wageni, nikamfinya, akacheka huku anatema damu.

Nililia pale mpaka Ihsan akafunga mlango.

Tukaenda ofisini kwa wale waliompa lile fuvu achore. Afisa akaniuliza, wewe ndiye mama? Nikasema mimi. Akauliza tena, uliyemzaa? Na mimi nikapiga tumbo langu, nikasema, kwa tumbo langu hili. Nikamtolea cheti cha kuzaliwa, jina langu pale kwenye mama, kama tulivyoandikisha siku ile. Sikusita hata kidogo. Miaka yote hiyo nimeulizwa swali hilo shuleni, hospitali, ofisi ya pasipoti, na jibu ni hilo hilo. Tuliapa mbele ya marehemu mama, mtoto akiwa na arubaini yake, kwamba halitatoka. Nawe ulikuwa hujaolewa, na mimi sikuwa nimejaliwa. Niliapa kwa furaha. Tangu siku ile sikujihesabu kuwa mlezi. Nilijihesabu mama, na mama bora kuliko wengi wenu mliozaa, nisamehe lakini ndivyo nilivyosema moyoni.

Wakanipitisha kijiti cha pamba ndani ya shavu, wakakitia kwenye bomba. Nikarudi Jeddah nikaanza kupanga mazishi.

Baada ya wiki kadhaa waliniita tena. Afisa yule yule. Akanisukumia karatasi, akasema, mafi, hakuna, huyu si mwanao. Nikamwambia mashine yao imeharibika. Akasema kuna watu huja kudai mifupa ya wenyewe wakitaraji fidia, na mimi nishukuru kwamba hanifungulii kesi. Mimi, Mwanasha. Nilimmwagia Kiarabu chote nilichojifunza nchi hii, cha sokoni na cha sebuleni. Nilitolewa nje na mlinzi aliyekuwa na umri wa Dija.

Na hapo, wallahi, ningesema. Neno moja tu lilitakiwa. Nilikaa kituo cha basi na lile neno liko mdomoni, nikalimeza. Nilijiambia nimeapa. Si kweli. Kilichonizuia ni kwamba nikilitoa, mimi nitakuwa nani kwake? Dija akarudishwa kwenye namba yake, akakaa miezi saba mingine kwa sababu dada yako hakutaka kushushwa cheo.

Ihsan ndiye hakuniacha. Alisema mtu asiyemjua marehemu hawezi kulilia jino lililomeguka namna ile. Akawaomba maabara wasiulize kama mimi ni mama, waulize mimi ni nani. Kumbe kuna kipimo kingine, kinaangalia ukoo mzima, damu hii imegawana kiasi gani na ile. Hivyo ndivyo wanavyowapata jamaa wa watu waliokufa zamani, wanatoka kwa binamu wa mbali wanasogea polepole mpaka wanafika mlangoni. Jibu lilipotoka akanipigia nije, na nisije na mtu.

Alichukua karatasi akachora maduara. Juu maduara mawili, akasema hawa ni baba yako na mama yako. Chini yao duara moja, akaandika Zena. Chini kabisa duara jingine, akaandika ile namba. Damu hii ni ya kwenu, akasema, tena upande wa mama, hakuna shaka. Lakini si umbali wa mama na mwana. Kisha akachora duara pembeni yangu, sawasawa na langu, akashusha mstari kutoka hapo mpaka kwa Dija. Lile duara hakuandika kitu ndani.

"Zena," akasema, "una ndugu wa kike?"

"Ninaye mmoja."

"Mkubwa kwako?"

"Mdogo."

Akaweka kalamu chini. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Miezi saba, Zena. Ningekuwa nimeshamrudishia jina lake."

Basi ndiyo hivyo. Nina uchungu na kafili, nina uchungu na wakala, na ile nyumba ya Riyadh iliyomla mtoto ikatema pasipoti yake. Na wewe pia nina uchungu nawe, nisikufiche. Miaka yote hukuniuliza hata siku moja, dada, Dija amekula nini. Lakini nakumbuka ile Idi ulipoanza kumsuka, nikakunyang'anya kitana mkononi, nikasema wewe utamvuta nywele. Ulikuwa humvuti. Ulinyanyuka ukaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Kwa hiyo najua kwa nini hukuuliza.

Sasa sikiliza. Ndani ya bahasha kubwa kuna vijiti viwili vya pamba na karatasi. Usile wala usinywe chai nusu saa kabla, na tambuu siku hiyo iache kabisa. Sukutua kwa maji matupu. Nenda na Salama zahanati, Ihsan ameandika barua kwa daktari yeyote, wakupitishe kijiti ndani ya shavu kila upande, watie muhuri. Karatasi inataka jina lako kamili, namba ya kitambulisho, sahihi yako, na shahidi mmoja anayejua kwamba ulizaa. Mimi siwezi kuwa shahidi, neno langu kwao limekufa, nimeshaapa uongo mezani pao. Wanasema ushahidi wa khaloo, dada wa mama, hautoshi, wanataka mama. Salama anarudi baada ya wiki sita na Ihsan amewabembeleza wasubiri mpaka hapo. Akija mikono mitupu, faili linafungwa na Dija anazikwa na namba.

Kuhusu Bakari sina la kukufundisha. Miaka kumi na minane mmelala kitanda kimoja na hajui. Huenda akafoka siku tatu kisha akanyamaza, huenda akakurudisha kwetu, wewe ndiye unayemjua. Nimeliwaza hilo kwa miezi na bado nimekuandikia. Ukikataa sitakulaani, lakini usinitumie tena salamu.

Na kitu kimoja nikwambie, maana najua utauliza kama kaburi litaandikwa. Huku makaburi hayaandikwi majina, la tajiri wala la maskini, ni jiwe tu na mchanga. Kwa hiyo jina lake litaandikwa mahali pamoja, kwenye ile karatasi: Khadija, na mbele yake binti wa nani. Nilitaka niwe mimi. Hata sasa ninavyoandika nataka hivyo. Weka lako, Mwanasha. Liandike kwa herufi kubwa zisomeke, usiandike haraka haraka kama mtu anayeiba.

Wasalimie watoto wote, mkubwa mwambie yule jirani yangu wa hapa bado anamtafutia kazi ya Mombasa. Mjomba Athmani mpe mkono wangu, umwambie dawa ya macho yake ameibeba Salama. Shangazi Mwanaesha usimwambie lolote, msalimie tu, mdomo wake unaujua.

Wa mwisho kumsalimia awe Bi Mwanamize mkunga. Nasikia haoni vizuri siku hizi lakini akili yake iko pale pale. Alikushika mgongo usiku ule wakati mimi nimejificha uani, na tangu hapo kila akipita akiniona nimembeba Dija huinamisha macho. Mwende naye zahanati, yeye ndiye shahidi. Mshike mkono, muonyeshe pa kutia kidole gumba. Mwambie Zena amesema, sasa aseme.

Dada yako akupendaye,
Zena